Jina Langu Lilikuwa kwa Wino

Rasta zangu zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari.

Nilizitambua kabla sijakaa. Mafungu manane, yameshachambuliwa, ncha zimevutwa zisiwe butu, yamefungwa katikati kwa uzi mweusi na kuning'inizwa pembeni ya kioo. Rangi namba 33, ile nyeusi inayogeuka wekundu wa kahawia ukitoka juani. Pale kwa msusi wangu, Mwananyamala, watu wanataka namba 1 na namba 2. Namba 33 ni yangu mimi.

Ilikuwa katikati ya Januari, nimekwenda kufumua. Kichwani nilikuwa na kazi ya saluni nyingine, ya Posta karibu na ofisini. Walinikaza mno, vipele vimenitoka kwenye paji. Aliijua pale pale nilipovua kitambaa kwamba si kazi yake. Alishika msuko mmoja wa kisogoni, akauviringisha kati ya vidole viwili, akauacha.

"Karibu, dada," akasema. "Nilikusubiri."

Basi.

Akachukua wembe, akachukua kichanuo cha mkia, akaanza kufumua kazi ya mkono wa mtu mwingine. Saa nzima na nusu. Hakuuliza nilisukia wapi wala nililipa ngapi. Aliniuliza habari za safari, akauliza mama anaendeleaje na miguu, akacheka nilipomsimulia baridi ya Marangu. Na muda wote huo, kila nikiinua macho kwenye kioo, yale mafungu manane yapo.

Nimekaa na picha hiyo wiki sita sasa. Nimeipeleka ofisini, nimelala nayo. Naandika leo kwa sababu nadhani nimeanza kuelewa kilichonichoma, na si kile nilichodhani mwanzoni.

## Oktoba, kwenye kiti hicho hicho

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Alikuwa anamalizia, anachovya ncha kwenye maji ya moto, nami nimerudisha kichwa nyuma taulo iko mabegani. Nikamwambia: mdogo wangu, Jumamosi ya tarehe 20 Desemba ni yangu, saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Akasema sawa dada, akafuta mikono, akaandika.

Nilitoka pale najiona mteja mstaarabu. Miezi miwili kabla! Anayeishi Dar es Salaam anaijua wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi. Shule zimefungwa, mabinti waliobanwa na mtindo mmoja wa shule mwaka mzima wanataka rasta. Wanaokwenda Moshi, Bukoba, Mbeya wanataka wafike kwao wamependeza. Kila fremu ya saluni ina watu mpaka barazani. Mimi nikawa nimewahi, na niliamini kabisa kwamba kuwahi huko nimemfanyia hisani na yeye.

Kisha safari ikabadilika. Tulikuwa twende Jumatatu na gari la shemeji. Gari likaharibika, ikabidi tukimbilie basi, na tiketi tulizopata zilikuwa za Jumamosi alfajiri, tarehe 20 hiyo hiyo. Siku tuliyozikata ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilipotoka kazini nikaingia saluni ya Posta, wasusi watatu wakashika kichwa kimoja, saa nne usiku nimeshamaliza. Nikiwa kituoni nasubiri mwendokasi nikajiambia: kesho nimtumie ujumbe yule mdogo wangu.

Kesho yake tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka. Nadhani wahasibu wenzangu wananielewa hapo.

Jumamosi saa kumi na mbili tukatoka kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, sauti nimeizima. Tulipofika Korogwe nikaitoa, nikakuta simu moja niliyoikosa. Saa mbili na dakika kumi. Yake. Moja tu, hakurudia.

Nilijua ni ya nini. Ningeweza kumpigia dakika ile ile. Badala yake nikajiambia ameshaelewa, Desemba hii hakosi mteja, kiti kitakuwa kimeshapata mtu. Nikamnunulia mwanangu machungwa dirishani, simu nikairudisha kwenye mkoba.

Hakosi mteja.

Neno hilo nililisema kwa uhakika, na sikuwa nimemuuliza mtu.

## Kaunta buku

Katikati ya Februari nywele zilikuwa zimepumzika vya kutosha, nikarudi kusuka. Alinisuka zile zile za kwenye msumari. Alipofika nusu ya kichwa nikapata ujasiri, nikamuuliza: Desemba ile, nafasi yangu ilipata mtu?

Hakunijibu kwa mdomo. Alimwambia binti anayemsaidia alete daftari. Ni kaunta buku la kawaida, jalada limefunikwa nailoni, ndani amepiga mistari kwa rula na kuandika siku. Akanifungulia Desemba na kuniwekea mapajani, kisha akaendelea kusuka.

Karibu majina yote yalikuwa ya penseli. Machache yalikuwa na wino juu ya penseli, kama mtoto anavyofuatisha herufi. Mengine yalifutwa na juu yake pameandikwa jina jingine, karatasi imechakaa kwa kufutwa.

Akanieleza huku mikono inakwenda. Mtu akija kuweka nafasi ya mbali, anamwandika kwa penseli. Wiki ile ya kazi ikifika, mtu akipiga kusema nipo, au yeye akimpigia akapokea, anapitisha kalamu. Asipopokea, anafutwa na nafasi inakwenda kwa mwingine. Hakufundishwa na mtu. Desemba mbili tatu mbaya zilimtosha.

"Wa mbali hawaji," akasema. "Anayeniambia leo nataka Jumamosi hii, huyo anakuja. Anayeniambia Oktoba kwamba nataka Desemba, huyo bado haijui Desemba yake."

Nikashuka na kidole mpaka tarehe 20. Jina langu lilikuwa kwa wino wa bluu. Chini yake hapakuwa na penseli. Aliandika kwa wino tangu ile siku ya Oktoba.

"Wewe sikukupigia Jumatano," akasema, "kwa sababu ni wewe."

Miaka kumi na moja amenishika kichwa. Amenisuka nikiwa na mimba, amenisuka kwenda kumzika baba.

Mengine aliyatoa kidogo kidogo, bila kulalamika, kwa kuwa niliuliza. Rasta nyembamba kama zangu zinamchukua saa saba mpaka nane, hata akisaidiwa na binti. Siku ya namna ile hawezi kuahidi zaidi ya vichwa viwili vya kazi hiyo. Kwa ajili ya saa yangu alikuwa amewakataa watu wawili. Ijumaa usiku alizichambua rasta nyumbani kwake ili asubuhi asipoteze muda. Alifungua saa kumi na mbili na nusu. Alisubiri mpaka saa nne, akawapigia wale wawili, wameshapata kwingine. Saa sita akaja mama na mtoto wa kusukwa mabutu. Elfu tano.

Mimi humlipa elfu arobaini na tano za mkono wake.

Na hiyo Jumamosi haikuwa Jumamosi ya hivi hivi. Msusi anaila Januari yake kwenye Desemba. Januari watu wanalipa ada, wananunua sare na madaftari, hakuna anayewaza kichwa. Kodi ya fremu yenyewe haijui kama ni Januari.

Usiku ule nilimtumia elfu arobaini kwenye simu. Asubuhi nikakuta zimerudi, na ujumbe chini: "Dada usinilipe kama mgeni."

## Kuwahi kwangu kulimsaidia nani

Nilichukua muda kukubali kwamba kosa halikuwa simu tu.

Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba anayewahi ndiye mwenye adabu, na anayekuja dakika za mwisho ndiye msumbufu. Tumelelewa hivyo, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini nilichofanya Oktoba, nikikitazama kwa macho yake, ni kuchukua kitu chake na kukitia mfukoni mwangu miezi miwili bila kutoa chochote. Mimi nililala nikijua kichwa changu kina pa kwenda. Yeye ndiye aliyebeba. Kila aliyepita pale akaomba tarehe 20 aliambiwa hapana kwa jina langu. Nami nilipokuwa sina haja nacho tena, nilikidondosha njiani kama tiketi ya daladala.

Muuza nyanya wa Mabibo asipouza leo, kesho atauza kwa bei ya kutupa, lakini atauza. Asubuhi ya Jumamosi haisubiri kesho.

Nimejibishana na nafsi yangu sana hapo. Yeye naye je? Mwaka juzi aliniacha kwenye benchi saa mbili nzima kwa sababu aliingia bibi harusi bila taarifa. Nilinuna. Nilisema maneno mbele ya wateja wengine. Na ni kweli angeweza kunipigia Jumatano kama anavyowapigia wote, nami ningemwambia. Na ni kweli pia kwamba mipango ya watu inavunjika. Gari la shemeji sikuliharibu mimi.

Yote hayo yana ukweli wake. Ila siku ile ya bibi harusi aliniomba radhi mara tatu na akanipunguzia elfu kumi. Mimi nilipomwacha yeye, nilinunua machungwa.

Kilichonigeuza hasa ni hesabu ndogo, na nikaifanya nikiwa jikoni naosha mchele. Kama ningempigia ile Jumatano tuliyokata tiketi, angepata mtu? Angepata, wale wawili walikuwa bado wanahangaika. Alhamisi mchana? Huenda mmoja wao. Ijumaa saa tatu usiku, wakati huo rasta ziko mapajani mwake zinachambuliwa? Hapana.

Kwa hiyo miezi miwili haikumdhuru. Kubadilisha safari hakukumdhuru. Kilichomdhuru ni siku tatu.

Na mimi nilikuwa nimehangaikia ile miezi miwili tu, ile inayonipendeza mimi. Siku tatu za mwisho, ambazo ndizo zake, sikuwa nimezifikiria hata mara moja.

## Fundi na tarehe za uongo

Nilipoanza kufikiri hivi, mambo mengine ya zamani yakaanza kufufuka. La fundi ndilo lililonikaba.

Kwa fundi cherehani hali ni kinyume, mteja ndiye anayengoja. Njoo Alhamisi. Njoo Jumamosi jioni, bado vifungo tu. Kila mwanamke wa mji huu ana fundi wake na ana hadithi yake. Fundi anapokea kila kitambaa kinachoingia, kwa kuwa kitambaa kikitoka mlangoni kinakwenda kwa jirani yake. Na akishakikata, hakihami. Kuwahi kwa fundi hakununui kitu. Hata ukimpelekea kitenge chako miezi mitatu kabla, kitakaa kwenye mfuko miezi mitatu kasoro siku mbili, kwa sababu anayeshonewa ni yule anayesimama mlangoni.

Basi wote tumejifunza dawa moja: tunadanganya tarehe. Shughuli ikiwa tarehe 20, unasema tarehe 6.

Nilifanya hivyo kwenye sendofu ya mdogo wangu wa damu. Nilimwambia fundi tarehe ya uongo nikiwa nimemkazia macho. Tena nilimpigia kila siku, nikamsisitiza, nikamwambia atanifedhehesha mbele ya wakwe. Akashona. Alishona usiku, umeme ulikatika akawasha taa ya simu akaendelea. Nilipokwenda kuchukua nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda cha mlangoni, ana mtoto wa kike wa miaka kumi na nne hivi. Gauni la kipaimara. Ibada ni kesho yake asubuhi. Gauni lilikuwa limekatwa tu, vipande viko juu ya meza, bitana haijaguswa.

Fundi akamwambia mbele yangu: "Mama nisamehe, huyu dada shughuli yake ni leo jioni."

Nikachukua gauni langu, nikalipa, nikaondoka. Lilikaa kabatini wiki mbili.

Sijui yule binti alivaa nini. Nilimsimulia mume wangu kama ushindi, kwamba safari hii fundi nimempatia. Sasa najua fundi naye anajua kwamba tarehe zote ni za uongo, kwa hiyo hana budi kukisia ni uongo wa nani uko karibu zaidi na kweli, na anayesema kweli ndiye anayeumia. Yule mama alisema kweli.

Sijadanganya tarehe tangu hapo. Siku hizi namuuliza fundi swali tofauti: kabla ya yangu una ngapi? Akisema tisa, na najua nguo moja ya mshono ule inamchukua siku nzima, nahesabu mwenyewe. Hajawahi kunificha idadi. Tarehe anaahidi kwa kuogopa kunikosa, idadi anaiona kwa macho pale ukutani.

(Mume wangu haoni shida iko wapi. Yeye kwa kinyozi anakwenda, anakaa kwenye benchi, wanabishana Simba na Yanga, zamu inafika. Kazi ya nusu saa haihitaji daftari, ni kweli.)

## Mwezi hauwekewi tarehe

Sasa Ramadhani imeingia, na jirani yangu wa Magomeni, mlango wa pili, anajiandaa. Anachora hina na piko. Nilikwenda kukaa naye jioni moja akisubiri adhana, nikamsimulia haya, na yeye ndiye aliyenionyesha nilichokuwa sikioni.

Kazi yake kubwa ya mwaka haina tarehe. Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia mfungo thelathini, kesho ni Idd. Usipoandama, wanakamilisha siku thelathini. Na mwaka ujao siku hiyo itakuwa imerudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Huwezi kumwambia mtu njoo tarehe fulani saa fulani.

Anafanyaje? Watoto anawamaliza mchana wa ishirini na saba na ishirini na nane. Watu wazima wanaotaka usiku wenyewe anachukua kumi, hazidishi, na kila mmoja anajua mambo mawili: mwezi ukionekana, aje baada ya Isha na atakaa kwenye jamvi kwa zamu ya kufika, usipoonekana, ni kesho yake vile vile. Hakuna anayempigia kumuuliza. Wote wanatazama mbingu moja.

"Miadi yangu ina 'kama' ndani yake," akaniambia. "Yako haikuwa nayo."

Kwa bibi harusi anahesabu kinyumenyume, na hapo hana mzaha. Hina ya majani ikibanduliwa inaanza na rangi ya chungwa, kisha inakolea siku ya kwanza na ya pili mpaka inafika kwenye wekundu wa damu ya mzee. Bibi harusi akichorwa usiku wa kuamkia nikahi, ataolewa na mikono ya chungwa. Anataka siku mbili kabla. Na akitaka piko, basi aonekane wiki nzima kabla, kwa sababu piko nyeusi mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na kuna ngozi zinazoikataa kwa malengelenge na alama isiyotoka upesi. Anampaka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, anasubiri siku mbili. Anayekuja jana ya harusi yake anachorwa hina ya majani peke yake, alie asilie.

Nilimpenda kwa hilo. Umbali wake una sababu, na sababu iko kwenye ngozi ya mtu.

Nilirudi nyumbani nikafikiria nywele zangu kwa namna hiyo. Nywele hukua kama sentimeta moja na robo kwa mwezi. Nikikaa na rasta wiki sita, mizizi imeshatoka karibu sentimeta mbili; nikivuka wiki nane nywele zinaanza kujifunga kwenye shina na kukatika wakati wa kufumua. Kumbe kichwa chenyewe kina kalenda. Siku ninayosukwa najua tayari wiki ninayopaswa kurudi. Wiki naijua, siku ndiyo siijui. Niliyopaswa kumwambia Oktoba ni: wiki ya tatu ya Desemba, mdogo wangu, siku nitakuthibitishia. Angeandika kwa penseli, na penseli ingekuwa ndiyo kweli.

## Kishika kiti

Mwezi huu ameanza jambo jipya. Anayetaka nafasi ya zaidi ya wiki mbili anatuma elfu kumi kwa simu. Anaiita kishika kiti, kama kishika uchumba. Ukija inakatwa kwenye bei. Ukitoa taarifa siku tatu kabla, inahamia siku nyingine. Ukinyamaza, ni yake.

Siku tatu. Sikumuuliza kazitoa wapi.

Mwanzoni nilisita. Nilimwambia kuna wateja wako ambao Oktoba elfu kumi hawana. Kuna yule mama ntilie wa pale kona anayesuka mara mbili kwa mwaka. Akasema huyo haweki nafasi ya miezi miwili, huyo anakuja wiki ile ile, na wa wiki ile ile hatoi kitu. Wanaoshika mbali, akasema bila kunitazama, ni nyie wa ofisini.

Kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, kitu hiki kisingewezekana kwake. Ungepanda daladala kupeleka elfu kumi? Ungempa neno lako, na neno likishavunjika hana la kufanya. Sasa mtu anatuma akiwa kitandani.

Mume wa jirani yangu, anayefundisha madrasa, aliposikia akasema kitu hicho ni cha zamani na jina lake ni arubuni. Tena kina mjadala. Wanazuoni wengi, pamoja na wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi huku pwani, walikikataa: ukibaki na fedha ya mtu ambaye hukumpa kitu, umeila bure. Imamu Ahmad bin Hanbal akaruhusu. Mzee akaniuliza mimi naonaje.

Nikamwambia namheshimu anayekataa, kwa sababu naogopa pia siku ambapo kila mtu atataka fedha kwanza ndipo akusalimie. Lakini si bure. Yule msusi wangu aliamka saa kumi na moja. Alichambua rasta usiku. Alikaa akiutazama mlango saa tatu unusu, na kila saa ilikuwa inatoka kwenye chakula chake. Akiibakiza elfu kumi bado mimi ndiye ninayedaiwa.

Na bado kuna kinachonikera kwenye kishika kiti, siwezi kukificha. Najua nafsi yangu. Nikishatuma elfu kumi, nitasikia nimeshalipia haki ya kutokwenda. Ile aibu ya Korogwe itakuwa na bei, na bei si kubwa. Sitaki ipungue. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha pale Januari, ingawa kwa mwendo wa pole.

## Jumatano

Pasaka tunapanda tena Moshi, Mungu akipenda. Wiki sita zangu zinaangukia kwenye Jumamosi ya kuamkia Matawi. Wiki iliyopita nilipita kwake nikitoka kazini, nikamwambia.

Akavuta kaunta buku, akapekua mpaka Machi. Kulikuwa na kalamu ya bluu juu ya meza, karibu na kopo la mafuta. Akaisogeza, akatafuta penseli kwenye droo.

Niliona anavyoandika jina langu, taratibu, kwa mkono mwepesi wa mtu anayejua huenda akafuta. Iliniuma. Sikusema kitu, na yeye hakusema kitu, kisha akaniuliza kama mama amepata zile dawa.

Elfu kumi nimetuma. Gari la shemeji limepona lakini silitegemei. Kwenye simu nimeweka kengele ya Jumatano ile, saa mbili asubuhi, wakati anafagia kabla hajafungua. Nimehakikisha nimeandika 8:00, maana simu haizijui saa zetu. Nikiwa naenda nitampigia, na nikiwa siendi nitampigia.

Rangi nimemwambia ni ile ile. Ila nimemwomba asizichambue mpaka asikie sauti yangu.